Kifuniko cha Mama Pacha

Mkewe alipojipaka mafuta miguuni asubuhi ya siku ya kazi, Baba Pacha alijua kuna mtu.

Alikuwa amechuchumaa mlangoni pa karakana yake, anachekecha mchanga wa kusubia sufuria, ule unaomiminiwa alumini ya moto, na chekecheo likasimama lenyewe mkononi. Miguu ile aliijua. Ilikuwa miguu ya mwanamke anayeuza vyombo sokoni, miguu ya vumbi Jumatatu hadi Jumapili, na tangu waoane haikuwahi kuhitaji kung'aa kabla ya jua kupanda. Leo iling'aa hadi inzi aliyetaka kutua akateleza akaanguka kwenye ndoo.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Presi."

"Jana si ulikwenda?"

"Jana nilipeleka mfano. Leo nakwenda kuona kama ameuelewa."

"Mtu mzima anashindwa kuelewa kipande cha mti?"

"Baba Pacha, chekecha mchanga."

Akaenda zake. Baba Pacha akamsindikiza kwa macho hadi kona, na macho yakataka kupinda kona naye. Ndani, mama yake mzazi, ambaye hakuwa akiona vizuri isipokuwa mambo ya watu, akakohoa kidogo.

"Hayo ni mafuta ya kwendea harusini," alisema.

"Nimeona, mama."

"Nakuambia tu. Labda moshi umekuingia machoni."

Huyo Presi alikuwa na mashine ya kugandamiza bati, mitaa mitatu kutoka hapo. Mashine ikishuka, vikombe vya mtaa mzima vinahama rafu, na wenyewe walishazoea. Jioni kila mtu anakwenda kwa jirani kuchukua vyake. Alikuwa mjane, mtaratibu wa maneno, na ovaroli lake lilipigwa pasi hadi mstari wa suruali ungekata mkate. Hilo la pasi ndilo lililomkera Baba Pacha kuliko yote. Mwanamume anayefanya kazi na chuma, akavaa mstari, anamvalia nani?

Yeye mwenyewe moshi ulishamwingia hadi kwenye chafya. Akipiga chafya, majirani huanua nguo.

*

Yote yalikuwa ni habari ya kifuniko. Wateja wa sokoni walikuwa wakimlalamikia Mama Pacha kila siku: ukitaka kumwaga maji ya maharage, unashika kifuniko kwa tambara, mvuke unakuchoma, kifuniko kinateleza, na nusu ya chakula cha watoto inakwenda na maji. Mama Pacha akasikiliza, akaenda kwenye vipande vya mti vya mumewe, akachukua kisu cha jikoni akaanza kuchonga. Akachonga kifuniko chenye meno mawili ubavuni. Kwenye mdomo wa sufuria akaomba ziachwe nafasi mbili. Meno yanaingia kwenye zile nafasi, unazungusha kidogo, yanajificha chini ya ukingo, kifuniko kinashika. Upande mmoja kina matundu. Unainamisha sufuria kwa mikono yote miwili, maji yanatoka, maharage yanabaki.

Baba Pacha alicheka. Akasubu kimoja cha alumini kwa mfano ule wa mti, kwa ajili ya kumfurahisha mke, kama mtu anavyomtengenezea mtoto kigari. Akakifunga kwenye sufuria iliyojaa maji, akaipindua, akaitikisa. Hakikutoka. Akaitikisa tena kwa nguvu zaidi, na pale kicheko kikamshuka kooni kikakaa tumboni, kikageuka kitu kingine asichotaka kukitaja.

Halafu akaja Mama Duka. Huyu alikuwa mnunuzi wao mkubwa wa mwisho. Wengine wote walishahamia kwenye sufuria nyembamba za kontena kutoka ng'ambo, zile ambazo ukizipigia kelele zinabonyea. Akakaa kwenye kigoda, kigoda kikalia, akakigeuza kifuniko huku na huku.

"Hiki ni kitu," alisema. "Umefikiria vipi kitu kama hiki?"

Alikuwa akimtazama Baba Pacha. Mama Pacha alikuwa amesimama pembeni na gilasi ya maji ya mgeni.

"Kichwa tu, mama," alijibu Baba Pacha.

Mama Pacha akamkabidhi mgeni maji.

"Lakini kizito," Mama Duka aliendelea. "Hiki kifuniko au gurudumu? Sufuria nzito naitaka, inatunza moto. Kifuniko kizito cha nini? Na haya matundu umetoboa moja moja?"

"Moja moja."

"Nikiagiza vingi utatoboa mpaka uzeeke. Nitauza sufuria au nitauza mazishi yako?"

"Kifuniko kinaweza kugandamizwa kwa bati la alumini," alisema Mama Pacha. "Sufuria isubiwe hapa kwenye mchanga, kifuniko kikatwe na kutobolewa kwa mashine, mara moja. Kitakuwa chepesi."

Wote wawili wakamgeukia, kana kwamba kabati limeongea.

"Nani ana mashine?" aliuliza Mama Duka.

"Yupo mmoja anaitwa Presi."

"Hakuna haja," alidakia Baba Pacha. "Mimi naweza kuvisubu vyembamba. Mchanga ukiujua, unakupa unachotaka."

Mama Duka akawatazama mmoja baada ya mwingine, akanywa maji yake yote bila kupumua. "Mimi sijali kinatoka kwenye mchanga au kwenye mashine. Jumamosi narudi. Nikikuta sufuria na kifuniko vinapatana, na kifuniko ni chepesi, naagiza vya kujaza duka. Visipopatana, nachukua vya kontena na mimi, tusisumbuane tena."

Baada ya siku hiyo ndipo miguu ikaanza kung'aa.

*

Alhamisi Baba Pacha alikwenda kununua mkaa. Duka la mkaa liko upande wa kulia wa nyumba yake. Akaenda kushoto, akazunguka mitaa mitatu, akajikuta, kwa bahati ya ajabu, nyuma ya karakana ya Presi, mahali ambapo ukuta wa mabati ulikuwa na ufa wa kutosha jicho moja.

Akaweka jicho.

Karakana ilifagiliwa. Nyundo zilitundikwa ukutani kwa ukubwa, kama familia inapigwa picha. Presi alitoa kitambaa mfukoni, kitambaa cheupe, akafuta kiti kabla Mama Pacha hajaketi. Halafu wote wawili wakainamia ule mfano wa mti, vichwa vikiwa karibu hadi Baba Pacha akapima kwa jicho nafasi iliyobaki na kuona haitoshi hata unga wa ngano kupita.

Presi akasema kitu. Mama Pacha akakataa kwa kichwa, akachukua chaki mkononi mwa Presi, mkononi mwake kabisa, akachora kitu kwenye bati. Presi akatazama muda mrefu. Akaitikia. Halafu Mama Pacha akacheka, kicheko kile cha meno yote, ambacho nyumbani hutoka mwaka ukiwa na mvua nzuri.

Baba Pacha alishika ukuta kwa nguvu hadi bati likalia kwaa. Ndani wakageuka. Alikimbia mbio ambazo tangu ujana hakuwahi kuzikimbia, na anayetaka kuamini aamini, alifika nyumbani kabla ya kivuli chake.

"Mkaa uko wapi?" aliuliza mama yake.

"Umekwisha dukani."

"Duka zima?"

"Duka zima, mama."

"Makubwa hayo. Na mkeo?"

"Yuko kazini."

"Anhaa," alisema mama yake, na ile anhaa ilikuwa ndefu ya kutosha mtu kufua shati.

*

Ijumaa mkewe alipokwenda sokoni, Baba Pacha aliamua. Atavisubu vifuniko mwenyewe, vyembamba, vizuri kuliko bati lolote, na kesho Mama Duka akifika atakuta kazi imekwisha. Presi atabaki na mstari wake wa pasi.

Tatizo lilikuwa moja. Ule mfano wa mti ulikuwa kwa Presi. Kuufuata maana yake ni kusimama mlangoni kwa mtu yule na kusema naomba. Angeyeyusha meno yake mwenyewe kwanza.

Lakini ukutani, kwenye msumari, kilining'inia kile kifuniko cha kwanza alichokisubu kwa mzaha. Meno yake yalikuwa sawa na matundu yake yalikuwa sawa. Akakishusha, akakikwangua mgongo na tumbo kwa tupa hadi kikawa chembamba kama alivyotaka, akakifukia mchangani mahali pa mfano, akashindilia, akakitoa taratibu, na mchanga ukabaki na alama safi hata unywele ungeuona.

Alifanya kazi siku hiyo kama mtu anayepigana. Kila alipomimina alumini ilitiririka kama maziwa, haikukatika, haikutoa povu. Hakuna kilichoharibika hata kimoja. Mama yake alitoa kiti akakaa mbali kidogo na moto.

"Leo una nguvu," alisema.

"Kazi, mama."

"Baba yako naye alikuwa hivyo. Siku akinishuku, tunakula vizuri mwezi mzima."

Jioni alivisugua vikang'aa. Alivipanga kwenye rafu, akavifunika gunia. Hakujaribisha hata kimoja kwenye sufuria. Sufuria zilikuwa zimeshafungwa kamba zikimsubiri Mama Duka, na mtu aliyefunika vyungu vya watu nusu ya maisha yake ajaribu nini? Mkewe aliporudi na kuuliza gunia lina nini, alimwambia ni la kesho.

Mkewe naye alikuwa na kitu kwenye kikapu, kimefungwa kitambaa. Kitambaa cheupe. Baba Pacha alikitambua, akageukia ukuta.

*

Mama Duka alifika amevaa viatu vipya vya ngozi. Baba Pacha alimkaribisha kwa mikono miwili, akavuta gunia kama mchawi wa maonyesho, na vifuniko vikametameta. Mama Duka akanyanyua kimoja.

"Chepesi," alisema. "Nakubali. Mchanga umekusikia."

"Nilikuambia, mama."

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake. Alichukua kifuniko kimoja, akakiangalia, halafu akaangalia ule msumari mtupu ukutani, na uso wake ukabadilika.

"Baba Pacha," alisema polepole. "Usiweke maji ya moto."

Lakini sufuria moja kati ya zile ilikuwa jikoni inachemka, imejaa maharage, na hapakuwa na nguvu duniani ambayo ingemzuia. Aliweka kifuniko. Kilikaa. Akazungusha, kikazunguka kirahisi, kirahisi mno, na kwa fundi yeyote urahisi ule ungekuwa kengele. Yeye akautafsiri kuwa ni ufundi. Akanyanyua sufuria mbele ya mgeni, akaiinamisha kwa madaha.

Kifuniko kikadondoka. Maji yakafuata, na maharage yakayafuata maji, na vyote kwa pamoja vikaingia kwenye viatu vipya vya ngozi.

Mama Duka alirukia juu ya kigoda. Hakuna aliyejua mwanamke wa umbo lile anaweza kuruka vile, na kigoda, ambacho kilishavumilia mengi, kikaaga dunia palepale.

Baada ya kummwagia Mama Duka maji baridi miguuni na kuona ngozi haikuchubuka, Baba Pacha alichukua kifuniko cha pili, cha tatu, cha nne. Alivijaribu kimoja kimoja juu ya sufuria tupu. Vyote vilicheza. Meno hayakufika chini ya ukingo. Yalipungukiwa kiasi cha ukucha tu, lakini ukucha huo ndio ulikuwa kila kitu.

Mama yake, ambaye hakuwahi kushika hata koleo, ndiye aliyeuliza. "Mbona vimekonda?"

Mume na mke wote wawili walijua. Alumini ikipoa hunywea. Ndiyo maana mfano wa mti huchongwa mkubwa kidogo kuliko kitu chenyewe. Ukichukua kitu kilichokwisha kusubiwa, ambacho kilishanywea mara moja, ukakifanya mfano, utakachokitoa kitakuwa kimenywea mara mbili. Ni jambo ambalo Baba Pacha aliwafundisha wanafunzi wote waliowahi kupita pale, siku ya kwanza, kabla hata hawajashika mchanga, na aliyelisahau alirudishwa kwao.

Mama Duka akavaa kiatu chake kilicholowa. "Basi," alisema. "Kontena."

"Subiri, dada," alisema Mama Pacha.

Akafungua kitambaa cheupe. Kilikuwa kifuniko cha bati, kimegongwa kwa mkono juu ya mfano wake wa mti, aliokwisha kuupunguza kidogo kwa kuwa bati halinywei, bado kina alama za nyundo, kwa kuwa kalibu la chuma la kugandamizia kwenye mashine halijachongwa. Akaokota sufuria ileile, akaijaza maji ya baridi, akafunga. Meno yakaingia, akazungusha, yakashika. Akaipindua juu ya ndoo. Maji yakatoka kwenye matundu, na kifuniko kikabaki.

Mama Duka alikuja karibu, miguu ikitoa mlio wa majimaji. Akavuta kifuniko kwa mikono miwili. Hakikutoka.

"Nani amekipima hiki?"

"Mimi."

"Na kile cha kwanza, cha kichwa?"

Mama Pacha hakumtazama mumewe. "Kile pia."

Mama Duka akamtazama Baba Pacha. Halafu akahamisha mkoba wake bega la pili, akamgeukia mwanamke. "Sufuria za mchanga, vifuniko vya mashine. Mimi na wewe. Na viatu vyangu utavitoa kwenye bei."

*

Alipoondoka, walibaki wakiokota maharage.

"Ulitumia kile cha msumarini," alisema Mama Pacha.

"Mfano ulikuwa kwake."

"Ungeufuata."

"Kwake siendi."

"Kwa nini?"

Baba Pacha aliokota harage moja, akalipuliza vumbi kana kwamba atalila. "Unajipaka mafuta."

"Ndiyo."

"Ya harusini."

"Ndiyo. Kwa sababu kule napewa kiti." Hakupandisha sauti. "Natokea hapa na mchanga hadi kwenye nyusi, hakuna anayeuliza nimechoka au vipi. Siku ile ulimwambia yule mama ni kichwa. Nilikitafuta kichwa changu, nikakikuta kwenye mabega yako. Nikaona basi, nikiosha miguu labda ataonekana mtu."

"Nilikuona unacheka naye."

"Ulikuwa wewe kwenye bati? Tulidhani mbuzi." Akaendelea kuokota. "Nilicheka kwa sababu alitaka meno matatu, nikamwambia mawili yanatosha, nikamchorea, akafikiri, akakubali. Mtu mzima mwenye mashine yake. Unajua ananiitaje?"

Hilo ndilo jambo Baba Pacha hakutaka kulisikia. Alikuwa amelisubiri siku zote hizo, na kila usiku alikuwa amelibunia jina: mpenzi, ua, asali, na mengine ya redioni.

"Anakuitaje?"

"Fundi," alisema Mama Pacha. Akachukua bakuli la maharage akaingia nalo ndani.

Baba Pacha alibaki amechuchumaa. Angeweza kupigana na ua, na asali angeimudu. Lile neno lilimkaa kifuani kama alumini iliyomiminwa, na halikunywea.

*

Jumatatu sufuria mbili zilitakiwa zifike kwa Presi ili kalibu la chuma lichongwe likifuata ukingo wake. Mama Pacha alikuwa anafunga kilemba aende. Baba Pacha akachukua sufuria zote mbili kichwani bila kuambiwa, akaenda, safari hii kwa njia ya mbele.

Presi alikuwa getini. Alikuwa amevaa ule mstari. Akapokea sufuria, akazipitishia kidole ukingoni taratibu, mduara mzima.

"Ukingo mzuri," alisema. "Haujapinda popote."

"Ni mchanga tu," alijibu Baba Pacha. Alikuja amejiandaa kutukanwa, na sifa ilimkuta hana mahali pa kuiweka.

"Nitaanza leo. Lakini matundu sijui yaanzie wapi, karibu na jino au mbali. Mwambie fundi apite kesho anionyeshe mwenyewe. Au nitapita kwenu jioni nimwambie."

"Usipite," alisema Baba Pacha haraka.

Presi akamtazama.

"Nitamwambia mimi," alisema Baba Pacha kwa upole zaidi. "Hivyohivyo ulivyosema."

Njia nzima alilijaribu mdomoni. Neno dogo, alilitumia kila siku kwa mafundi seremala, mafundi bomba, hata kwa kinyozi aliyemkata sikio. Kwa nini liwe zito? Alizunguka kwa njia ndefu, akalisema mbele ya duka la mkaa, muuza mkaa akaitika. Alilisema kwenye kona, kwa sauti ya chini, akaona linatoka vibaya, linatoka kama kikohozi. Alipofika, mkewe alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa kuwa kigoda hakikuwepo tena, anakwangua ukingo wa sufuria kwa tupa, miguu imejaa mchanga.

Baba Pacha alisimama mlangoni, akavuta pumzi.

"Fundi," aliita.

Mama Pacha akaacha kukwangua. Akainua kichwa, akanyoosha shingo, akatazama nyuma ya mumewe, barabarani, aone ni fundi gani aliyeletwa.